Uzinduzi wa Kituo cha Saikolojia ya Safari, Kasoli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kutoa udhuru. Viongozi wa dini, wa chama na wa ushirika. Wazee wa Kasoli, akina mayu, yaani mama zetu, vijana wa bodaboda: mwangaluka! (Umati: "Mwangaluka!")

Mimi, Constantine Tumsifu, mratibu wa mradi huu, kwa unyenyekevu wangu unaofahamika hadi ngazi ya mkoa, natamka kwamba utafiti wetu shirikishi umebaini kuwa binadamu hasukumwi safarini na miguu bali na saikolojia, yaani haja ya kupumzisha akili, ya kujua mageni, ya kuwa karibu na awapendao, na ile ya kuonekana mtu mbele za watu, ambayo niliichunguza binafsi katika semina za Arusha, Zanzibar na Kigali, nikipiga picha mbele ya kila hoteli, na asilimia tisini na nane ya walioniandikia "hongera" walikuwa wasaidizi wangu. (Makofi ya wasaidizi.)

Leo asubuhi, pale Ngulyati, mjane mmoja, Mayu Minza, alisimamisha gari langu. Nikashusha kioo nikamuuliza kitaalamu, "Mayu, motisha yako ya kusafiri ni ipi?"

Akasema, "Dada yangu Kija yuko Mwanhuzi, anaumwa sana. Nataka anione."

Nikamfafanulia kuwa hiyo iko ngazi ya tatu ya mpango mkakati. Akauliza, "Na hiyo ngazi ina gari, mwanangu?" (Kicheko kirefu.)

Ndugu wananchi, nina shahada mbili, na hakuna hata moja yenye magurudumu. Nikashuka na hotuba yangu kwapani, nikamwambia dereva wangu Mayala, "Mpeleke." Ndiyo maana nimewasili kwa bodaboda, suti nyeupe ikiwa na rangi ya barabara. (Sauti: "Tulidhani ni fasheni!") Niliona aibu, kisha nikaona raha, kisha nikatamani mtu anipige picha.

Mlipokuwa mkinisubiri, Mayala alipiga simu: wamefika, ndugu wamekumbatiana wakalia, na Kija ameomba uji. (Vigelegele.)

Safari! (Umati: "Ni haja!") Haja! (Umati: "Ni maendeleo!")

Nawashukuru kwa kuacha pamba shambani mkaja kuzindua kituo hiki ambacho, kama mnavyoona nyuma yangu, ni uwanja mtupu, kwa kuwa hakikuwahi kujengwa wala kuchorwa, na mradi wenyewe ni mimi na lile gari. Kwa hiyo utepe huu achukue yeyote mwenye ndama wa kufunga, nami, kwa haja ya kisaikolojia ya kurudi nyumbani, naomba lifti hadi Bariadi.