Mama Mkwe Aliyekataa Kuheshimiwa

Chacha Nyamhanga,
Wakala wa Jinzi,
Barabara ya Zhanxi,
Guangzhou, China.

Kwa Mzee Respicius,
Kamachumu, Bukoba.

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU MWENENDO WA MKE WAKO AKIWA MATEMBEZINI

Baba Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka mbali, nimevaa makoti mawili, na naomba radhi kama mwandiko unatetemeka. Hapo si hasira, ni baridi. Hasira inakuja hapo chini.

Kama unavyojua, binti yako Jacinta, mke wangu, yuko hapa anasomea shahada ya uzamivu. Mimi nawatafutia wafanyabiashara wa nyumbani jinzi kwenye karakana za Xintang na kuwapakilia kwenye makontena. Majira haya ya baridi Jacinta alimwalika mama yake aje kupumzika, auone mji na kuonja vyakula vya huku. Sikupinga. Nilidhani wataongozana wao wawili, nami nitafanya kinachompasa mkwe wa kiume, yaani kutoonekana. Lakini siku mgeni anatua, majaribio ya Jacinta huko maabara yakaanza kuonyesha dalili za kufaulu, ikawa hayaachiki. Akanikabidhi mama yake kama anavyonikabidhi funguo za nyumba.

Wewe ni mtu wa Kagera, mimi ni Mkurya wa Tarime niliyelelewa na babu, na babu hakuwa na mchezo. Niruhusu nieleze alichonifundisha. Mama mkwe humshiki mkono. Jina lake hulitaji, na ndiyo maana katika barua hii hutaliona. Hulali naye chini ya paa moja. Zaidi ya yote, huli mbele yake. Mdomo wako usifunguke kwa chakula akiwepo. Ukikutana naye njiani, unaingia porini hadi apite. Guangzhou haina pori, Baba. Nimetafuta.

Sasa mke wako amemwambia Jacinta kwamba mimi namdharau, kwamba namwonea haya mbele za watu, na kwamba wiki hii anabadilisha tiketi arudi zake nyumbani. Jacinta naye, ambaye mambo haya ya babu sijawahi kumsimulia, amesema mama yake akiondoka na kinyongo, mimi na yeye tutakuwa na mazungumzo. Neno hilo "mazungumzo" alilitamka polepole sana. Kwa hiyo hapa natetea ndoa yangu, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu malazi. Nyumba za huku kusini hazina mitambo ya kupasha joto, kwa madai kwamba baridi yao ni ndogo. Sisi tuna hita moja ya umeme na chumba kimoja kinachoisikia. Nilimwachia mke wako nyumba, hita na mablanketi yote, nikahamia stoo yangu hapa Zhanxi kulala juu ya marobota ya jinzi. Jinzi ni kitambaa cha heshima, lakini kikishapoa kimepoa. Nilitegemea apelekewe habari kwamba ana mkwe mwenye adabu. Badala yake akamuuliza Jacinta ni mwanamume gani anakimbia kitanda chake kwa kuona mgeni. Kesho yake akaja stoo mwenyewe, kwa miguu, na blanketi kichwani, akiwauliza njia wasukuma mikokoteni kwa Kiswahili, nao wakamfikisha. Akagonga. Nikajibanza nyuma ya marobota nikatulia tuli, kama ilivyo desturi. Angeondoka zake kwa amani. Lakini jirani yangu Abass, Mzanzibari mwenye duka la viatu, akatokeza kichwa akamwambia, bi mkubwa, gonga tu, yumo humo, nimemsikia akipiga chafya. Aligonga kwa muda mrefu. Kisha akaliweka blanketi mlangoni, akaondoka.

2. Kuhusu meza. Mke wako alitaka kuonja wali wa chungu, ambao ndio chakula chao cha majira ya baridi. Mchele unapikwa kwenye chungu kidogo juu ya moto mkali, juu yake wanapanga nyama na mboga, na chini unashika ukoko wa dhahabu. Nilimpeleka panaposifiwa. Nikamkalisha karibu na jiko apate joto. Mimi nikakaa meza ya mwisho karibu na mlango, nimempa mgongo, sijaagiza kitu. Nani angefanya zaidi?

Sasa wenyeji nao wana mila yao. Kabla ya kula, aliye mdogo mezani huchukua chai ya moto akawasuuzia wakubwa wake bakuli na vijiti. Mke wako akawa amekaa mbele ya bakuli lisilosuuzwa. Mhudumu akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Weusi mle ndani tulikuwa wawili tu, akapiga hesabu yake, akaja kunisema kwa sauti mgahawa mzima ukisikia. Kichina changu ni cha sokoni: najua bosi, ghali mno, punguza, na hakuna. Nilijitetea kwa "mei you", yaani hakuna, maana ndilo lililokuja mdomoni. Akauliza kitu kingine, nikarudia hakuna. Nadhani niliulizwa kama nina haya. Mzee mmoja wa meza ya jirani akainuka akamsuuzia mke wako bakuli kwa mikono yake, na mke wako akamshukuru kwa Kihaya, wakaelewana vizuri sana.

Haikuishia hapo. Akaubandua ukoko, ule wa chini kabisa, akamtuma mhudumu aniletee. Baba, wewe ni mtu mzima, unajua ukoko unavyonukia. Nisingeweza kuula mbele yake, nisingeweza kuurudisha. Nikaufunga kwenye karatasi nikautia mfukoni. Yeye aliona kwenye kioo cha ukutani, akamwambia Jacinta kwamba chakula kilichoguswa na mkono wake nimekikunja kama takataka. Nilikwenda kuula stoo, ukiwa umekuwa mgumu kama kigae, na niliumaliza wote. Hilo hakuliona.

3. Kuhusu mlima. Hapa kuna mlima wa Baiyun, na watu hupanda kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Mpango wangu ulikuwa yeye apande cha mbele, mimi cha nyuma. Kijana wa pale hakutaka mipango. Alitusukumiza sote ndani ya kimoja akafunga mlango, tukabaki tumetazamana, magoti yakikaribia kugusana, chini yetu miti mitupu. Babu hakuwahi kusema lolote kuhusu vibanda vya waya. Nikavua koti la juu nikajifunika kichwa.

Nikiwa humo ndani ya koti nilimsikia mke wako akiusifia mji. Alisifia mto, majengo marefu, bustani. Alinionyesha vitu: tazama kule, baba, tazama kile. Mimi nilikuwa natazama zipu. Baadaye akaacha kunionyesha, na hatukuwa tumefika hata nusu.

4. Kuhusu kazi yangu, ambayo ameifanya matembezi. Nilijaribu kujiokoa kwa kusema nina shughuli Xintang, nikakumbuka kwamba mwaka mpya wao umekaribia na karakana zote zimefungwa, mafundi wamekwenda makwao. Nikasema basi nina kontena la kukagua bandarini Nansha. Akasema na yeye anataka kuliona. Tulikwenda hadi Nansha, mwisho wa mji, kutazama kontena ambalo lilishaondoka. Hakujua. Alisimama nje ya uzio akayatazama makontena ya watu wengine, akasema yamepangwa vizuri na rangi zake zinapendeza, akaomba nimpige picha. Nilimpiga, nikiwa mbali inavyostahili. Katika picha hiyo mke wako ni kitu kidogo cha njano kwenye kona ya chini.

5. Kuhusu maua. Hapa ndipo naomba unisome kwa makini. Kila mwaka unapokaribia mwaka mpya wao, hufungwa mitaa mizima ikajazwa maua na miti midogo ya machungwa, na watu wote wa Guangzhou huenda kununua siku ileile. Mke wako, kwa kuwa ni mkulima wa maua pale nyumbani kwako, alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu atue. Mimi nilitangulia kwa umbali wa heshima. Simu yake nilikuwa nayo mimi, maana alinipa nimpige picha tena, safari hii kwa karibu. Nilipogeuka, hayupo.

Nilirudi nyuma, hayupo. Nikapanda juu ya ukingo wa bustani, nikaona vichwa na maua, yeye hayupo. Kulikuwa na meza ya vijana wa kujitolea wenye kipaza sauti. Nikawaeleza kwa mikono kwamba nimepotelewa na mama. Wakanipa simu yenye kutafsiri, wakauliza jina lake nani. Baba Mkwe, nilisimama pale na jina la mke wako likiwa limejaa mdomoni, na halikutoka. Wakauliza tena. Nikawaambia silijui. Wakatazamana, wakaniuliza kama nina hakika ni mama yangu.

Niliogopa, Baba. Nimewahi kuibiwa mzigo, nimewahi kushikwa na askari bila pasipoti mfukoni, lakini kuogopa kwa namna ile sikuwahi. Nilikimbia katikati ya watu, nikiomba Mungu, nikijiona namwambia Jacinta kwamba mama yake nimempoteza kwa adabu.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda cha plastiki nyuma ya kibanda cha miti ya machungwa, mwenye kibanda amemvisha skafu yake na kumpa kikombe cha maji ya moto. Alikuwa anafuta macho. Nilitaka kumkimbilia. Badala yake nilisimama nyuma ya mti mmoja, kama inavyotakiwa, nikakohoa. Jioni ile mke wako alimwambia Jacinta: mume wako amenipoteza, na aliponipata alikohoa.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Kwa muhtasari, nimemheshimu mke wako stoo, mgahawani, mlimani, bandarini na sokoni. Nimemheshimu hadi nimepata mafua na nimepungua mwili. Na malipo yake ni kuitwa mwenye dharau. Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, umwandikie mke wako kwa mkono wako kwamba mkwe anayekukimbia ndiye anayekujali, na yule anayekaa na wewe akala ndiye wa kuogopwa.

Pili, umwagize kwamba kwa siku zilizobaki anikimbie na yeye. Kazi hii ni ya watu wawili, na mimi nimeifanya peke yangu.

Tatu, kama hayo yatashindikana, wewe na wazee wangu wa Tarime mkutane katikati, tuseme Mwanza, mchinje mbuzi, mnifungue mdomo rasmi. Babu alisema mbuzi ndiye hufungua. Mimi nitahudhuria kwa video. Mbuzi awe dume, na simu iwe na chaji.

Naomba majibu ya haraka, kwa kuwa anayeshughulikia tiketi ameshapigiwa simu mara mbili.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, shangazi aliyeumwa mguu, wanakwaya, na jirani yule mwenye pikipiki hata kama bado hamsemezani. Ng'ombe nao natumaini hawajambo.

Ni mimi mkwe wako mtiifu, mwenye njaa,

Chacha Nyamhanga

N.B. Baba, barua hii nimeimalizia nyumbani, kwenye meza ya chakula, kwa sababu stoo vidole vilikataa kushika kalamu, na kwa sababu nilijua mke wako amekwenda misa kwenye lile kanisa kubwa la mawe. Misa ilikwisha mapema. Amenikuta. Unamjua mwenyewe, mwalimu mstaafu hawezi kuona karatasi imeandikwa akaipita, ameisoma yote akiwa amesimama, koti hajavua. Yale masahihisho ya kalamu nyekundu unayoyaona ni ya kwake. Kwenye kipengele cha tano hakusahihisha kitu.

Kisha ameuliza kwa nini sikusema. Nikamjibu, nikiwa natazama sakafu, kwamba mila hiyohiyo inakataza kumwambia. Amecheka mpaka akatafuta kiti. Amesema mambo hayo hata bibi yake alikuwa nayo, na kwamba angejua, angekimbia vizuri kuliko mimi. Amempigia mtu wa tiketi amwambie aache kama ilivyo. Basi maombi yangu yote matatu nayafuta, na mbuzi mwacheni aendelee na maisha yake.

Halafu mama amepika ndizi na nyama, akapakua sahani mbili, akaweka moja mbele yangu. Nilikaa nikaitazama, ikaanza kupoa. Nimekula mbele yake, Baba. Nimekula na kuongezwa. Katikati ya kula nililia kidogo, sijui kwa nini, na yeye akageukia dirishani akatazama nje mpaka nilipomaliza, kwa heshima.