Lori Chafu la Mkwe wa Puliza

Siku hiyo gazeti ndilo lililotuchokoza. Na wala halikuwa la siku hiyo. Mama Vikombe, muuza kahawa wa kijiwe chetu, alikuwa analichana vipande vya kufungia sukari, Wakili akamwomba ampe dakika moja tu, aone dunia imefikia wapi.

Wakili wetu huyu hajasomea sheria. Aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, hakimu akamwambia "asante, kaa chini," na tangu hapo hafungui mdomo bila kukohoa kwanza.

Akakohoa. Akasoma kwamba huko ng'ambo kuna watu wazima, wenye ndevu na ajira zao, wanaokutana ukumbini na vigari vya plastiki walivyoviunda wenyewe, na safari hii kombe limekwenda kwa lori la jeshi lenye ukubwa wa mkate. Sababu ya ushindi: ndilo lililokuwa chafu kuliko yote.

"Rudia hapo pa chafu," akasema Msafara.

Msafara anaendesha lori la mchanga. Trafiki wamemsimamisha kwa uchafu mpaka sasa wanamsalimia kwa jina la mama yake.

"Tope, kutu, mikwaruzo, moshi wa ekzosi," Wakili akasoma. "Vyote vimepakwa kwa mkono, kwa ustadi mkubwa."

"Basi hilo kombe ni langu, wanaliweka kwao la nini?"

Hapo kijiwe kikachemka. Kipara, kinyozi ambaye benchi letu limeegemea ukuta wa duka lake na ambaye jina lake ni la haki kabisa, alisema hao watu wameshiba, maana mwenye njaa hana muda wa kuchafua kitu kwa makusudi. Mama Vikombe akasema wanawe wanamletea tope sebuleni kila siku kwa ustadi uleule na hajaona wa kuwapa hata kijiko, seuze kombe. Tukacheka mpaka benchi likalalamika.

Aliyekuwa hacheki ni Puliza. Kakaa pembeni, kahawa imepoa mkononi, anaangalia chini kama mtu aliyetajwa msikitini.

Puliza ni fundi rangi. Gereji yake iko ng'ambo ya barabara, na sifa zake zinajulikana: gari likipinduka asubuhi, ukimpa Puliza, jioni mwenye gari mwenyewe anabisha kwamba halikupinduka. Basi mtu huyo akainama, akavuta boksi la viatu kutoka chini ya benchi, akafunua.

Lori la jeshi. La plastiki, refu kama mkate. Turubai lake, tairi zake, vioo vyake, hata ndoano ya kuvutia magari mengine ipo. Kijani kibichi, na linang'aa. Kipara aliinama akajiona utosi kwenye bodi.

"Sasa na wewe umeshiba?" akamuuliza.

"Ni la baba mkwe," akasema Puliza. "Anapita hapa leo."

Tukaacha kucheka, maana habari za Puliza na mkwewe zinajulikana. Ila wewe umeingia sasa hivi, ngoja nikuweke sawa.

Mkwe huyo tunamwita Koplo. Alikuwa dereva wa lori la jeshi, akastaafu, akajinunulia gari dogo linalomeremeta kama sahani iliyotoka kuoshwa. Asubuhi moja akafunga mlango kwa nguvu kidogo, rangi ikabanduka na bonge la pati ya kuzibia mibonyeo, na chini yake akagundua ana magari mawili: mbele la mtu mwingine, nyuma la mtu mwingine, yametambulishwa kwa kulehemu. Akaapa atamtafuta aliyeipaka ile rangi. Akazunguka mjini wiki nzima akiuliza. Alipopewa jina, akarudi nyumbani kupumzika, akamkuta mwenye jina, huyu Puliza wetu, sebuleni kwake, kavaa koti, kaja kuposa.

Binti alishaamua, kwa hiyo ndoa ikapita. Lakini Koplo akatamka mbele ya ukoo mzima kwamba hataingia nyumba ya mtu ambaye kazi yake ni kuficha mibonyeo. Na hajaingia. Akija kumwona bintiye anasimama getini. Chai anainywea getini. Wajukuu wanamwamkia kupitia nondo, kama wamekuja kumtazama mfungwa, au yeye kaja kuwatazama wao. Sasa magoti yamechoka, safari iliyopita alilishika geti mpaka likainama, na mke wa Puliza akamwambia mumewe kwa utulivu ule unaotisha: "Ama wewe umuingize baba ndani, ama mimi nitoke nje nikaishi naye."

Hiyo ndiyo hali. Puliza akaeleza kwamba aliliokota lile lori vipande vipande kwenye boksi la mitumba, picha juu ya boksi ndiyo aina ileile aliyoiendesha mkwewe, akaligundisha kipande kwa kipande. Alitaka mzee aone kitu cha mkono wake ambacho hakikuficha chochote. Kila mkwaruzo uonekane, kila kutu.

"Sasa mikwaruzo iko wapi?" akauliza Msafara.

Puliza akafuta uso. Akasema mkono unakataa. Alipaka rangi ya kutu kwanza, akabandika punje za chumvi, akapuliza kijani juu yake, akasugua chumvi itoke ili kutu ichungulie. Ikachungulia vizuri kabisa. Akaenda kunawa. Aliporudi akajikuta ameshika msasa, kutu imekwisha, na ameshapiga koti jipya la rangi. Akalibonyeza madigadi kwa makusudi, akageuka kujibu salamu, alipotazama tena mbonyeo umezibwa na hakumbuki ni nani kauziba. "Miaka yote mkono wangu unajua njia moja tu," akasema. "Nisaidieni, jamani. Anakuja baada ya adhuhuri."

Kuomba msaada kijiweni kwetu ni kama kumwaga sukari karibu na sisimizi. Lori lilipokonywa pale pale.

Msafara akawa wa kwanza kushika hatamu. Akataka kujua lori limetoka wapi na linakwenda wapi, maana tope halijipakii tu. Akatueleza kwa heshima zote kwamba lililovuka mto linachafuka chini na kubaki safi juu, lililopita vumbini linachafuka nyuma kuliko mbele, na lililokwama linarusha tope mpaka kwenye turubai. Puliza akasema mzee kila siku anasimulia mito, mito mingi, maji mpaka milangoni. Msafara akaenda kwenye lori lake, akarudi na bonge la tope alilolibandua kwenye madigadi, akasema hilo amelitunza tangu masika na hajawahi kumpa mtu.

Wakili akakohoa. Akasema hawezi kuruhusu mkwaruzo wowote ambao hauna maelezo. Huu wa mlangoni umesababishwa na nini? Tukasema mti. Akauliza mti gani, na ulikuwa upande wake wa barabara au ulihama? Tulibishana juu ya ule mti mpaka Mama Vikombe akatoa machicha ya kahawa yaliyobaki kwenye birika, meusi, laini, akayapaka nyuma ya ekzosi kwa kidole, akasema moshi huo, endeleeni na mti wenu.

Kipara akachana sponji anayofutia watu shingo, akachovya kwenye rangi ya kahawia, akaanza kudonoa kingo za bodi. Lazima nimpe haki yake: kila alipodonoa pakawa pamebanduka kweli, kama askari wamepanda na kushuka kwa buti miaka mingi. Tope likakandwa kwa gundi, likapakwa tairini, likakaushwa kwa mashine ya upepo ya saluni. Ule upepo ukafagia na nywele za wateja wa asubuhi, zikanasa topeni. Tukaamua ni majani.

Puliza muda wote huo alikuwa kageuza uso ukutani. Kila sponji ilipogusa bodi, bega lake lilishtuka kama anachanjwa.

Mwisho kikabaki kioo cha mbele. Msafara akasema kioo lazima kiwe na vumbi tupu, isipokuwa pale waipa inapofuta. Na kwa mujibu wake malori ya zamani yale ni muujiza waipa zote mbili zifanye kazi, kwa hiyo tuweke ya dereva tu. Kipara akachukua mkasi, akakata karatasi kama kipepeo cha mkono, akaibandika kiooni kwa mate, Mama Vikombe akapuliza vumbi la barabarani lililochekechwa kwa soksi ya Wakili, karatasi ikabanduliwa. Pakabaki nusu duara safi, ya kupendeza. Tukasimama nyuma kidogo. Niseme ukweli, lile lori lilikuwa limechoka kiasi kwamba nilitaka kuliletea kiti.

"Anakuja," akasema Mama Vikombe.

Koplo hatembei, anapita mbele ya jukwaa, hata kama jukwaa ni duka la kinyozi. Viatu vinawaka, mgongo umenyooka, magoti ndiyo yanayomsaliti. Tukasimama wote bila kuambiwa.

"Shikamoo, baba," akasema Puliza.

"Marahaba," Koplo akaujibu ukuta.

Puliza akalinyanyua lori kwa mikono miwili, akaliweka juu ya stuli ya Mama Vikombe. Akaikunja mikono kwapani. Nadhani alikuwa anajizuia asilisugue.

Koplo akaliangalia. Akaanza kulizunguka, mikono nyuma, kama yuko kwenye ukaguzi. Akainama kwa shida, akatazama tairi.

"Lori hili limekanyaga mtu?"

Wote tukaangalia barabarani.

"Nauliza. Tairini kuna nywele."

Hapo ndipo nilipowajua wenzangu. Kipara, kinyozi mwenyewe, mwenye mashine ya upepo, akasema hata yeye anazishangaa hizo nywele. Koplo akanusa ekzosi, akauliza tangu lini injini inakunywa kahawa. Mama Vikombe akaanza kuosha vikombe visafi. Koplo akauliza tope hili ni la wapi, maana yeye katika maisha yake ya jeshini hajaona tope lenye mchanga wa kujengea. Msafara akasema anaona simu yake inaita. Wakili akakohoa tu, mfululizo, bila hoja.

"Mmelidhalilisha," akasema Koplo. "Na wewe, mtu wa rangi, ndio kazi yako hii. Kitu safi unakifanya..."

Hakumaliza. Alikuwa amefika kwenye kioo.

Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kukigusa. Sisi tukachungulia na ndipo tulipoona. Upande wa utingo, yule msaidizi anayekaa kushoto kwa dereva, kioo kilikuwa kimefutwa safi. Upande wa usukani ulikuwa vumbi tupu. Kipara akaning'ata sikio: "Mimi nafanya kazi kwa kioo, ndugu yangu. Kulia kwa mteja naiona kushoto kutwa nzima." Puliza naye alikuwa ameona. Alifumba macho kama mtu anayesubiri kofi.

"Nani kakwambia?" akauliza Koplo. Sauti ilikuwa imepungua ukubwa.

"Kuniambia nini, baba?"

Koplo akatazama kulia, akatazama kushoto. Akashusha sauti ili asisikiwe na mtu, na sisi wote tukainama ili tusikie.

"Waipa yangu ilikufa masika ya kwanza tu. Ningeripoti, wangenitoa kwenye lori wanipeleke jikoni. Nikanyamaza. Utingo wangu ndiye aliyekuwa anaona. Ananiambia kulia, nakwenda kulia. Ananiambia ng'ombe, nasimama." Akaligusa turubai kwa kidole. "Ile mito ninayosimulia..."

"Ndiyo, baba."

"Sikuuona hata mmoja. Mke wangu kaondoka duniani hajui. Wewe umejuaje?"

Nataka niseme kwamba Puliza alijibu kitu cha busara. Hakujibu kitu, alibaki kaachama, na Koplo akaichukua ile kama heshima ya mtu anayetunza siri.

"Panafutika?" akauliza mzee.

"Hapo kiooni? Panafutika. Lakini baba, wewe si ndiye uliyesema mtu anayeficha..."

"Nilisema mengi. Ukipafuta, mtu akitazama atajua palikuwa na kitu?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Puliza akanyoosha mgongo. "Baba, nikipafuta mimi, hata wewe utabisha."

Koplo akamtazama usoni, nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu ile posa. Akavua kofia, akalifunika lori kwa upole, kama mtoto aliyelala. "Basi, mwanangu, haya si mambo ya kuzungumzia barabarani. Twende ndani."

Wakili akauliza ndani wapi, kwa ajili ya kumbukumbu.

"Ndani kwake," akasema Koplo. "Mbali na watu."

Wakaondoka, mzee mbele, Puliza nyuma na lori chini ya kofia, anatembea kama kabeba mayai. Kipara akaanza hapohapo kutangaza kwamba ile waipa aliigeuza kwa makusudi, Msafara akasema wazo lilikuwa lake, na Wakili akataka kila mmoja aapishwe.

Mimi sikusubiri. Niliwafuata kwa mbali, si kwa umbea, ni kwa usalama wao. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Koplo akafika getini, akasimama palepale anaposimamaga. Binti akatoka na kikombe cha chai, amezoea, kwa mkono wa pili anavuta kiti ambacho hakikaliwi. Mzee akaliangalia geti kwa muda. Kisha akalisukuma, akampita binti yake, akakanyaga baraza, na bila kugeuka akasema:

"Chai ilete ndani. Na geti lifunge, kuna mtu anatufuata tangu kijiweni."