Ufunguo wa Jumba la Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Wameanza kukata! Mchezo wetu wa kompyuta unatoka tarehe 28, na leo msimamizi wa kazi, tunayemwita Mkasi, amesimama mbele ya ukuta wa kadi. Kila sura ya mchezo ina kadi yake pale. Kadi ikigeuzwa uso ukutani, sura imekufa. Hakuna matanga. Amegeuza tatu kabla ya chai. Sura ya mgodi haijakamilika. Sura ya soko inaganda kila mchezaji akikimbia. Ya tatu, kasema, haina raha. Kisha akaigonga yangu kwa kidole: tutaonana Ijumaa.

Jumba la Chumvi! Miezi kumi na minne ya jasho langu! Malkia wa Chumvi anahutubia dakika kumi na moja, na nimepiga marufuku kitufe cha kuiruka hotuba. Fasihi hairukwi.

Balaa ni kwamba sauti ya Malkia ni ya mama mkwe.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Amewaalika wenzake wote wa kikundi cha ushonaji waje kwetu kumsikia mchezo ukishatoka. Watu kumi na wanane. Ameshajishonea na gauni. Nikamjibu asiwe na wasiwasi hata kidogo. Mke wangu akanitazama vile mtu anavyotazama sufuria inayokaribia kufurika.

Na mama huyuhuyu, siku ya kurekodi, alikatiza hotuba yangu katikati ili anigombeze: "Wewe! Na viatu vya matope hivyo unaingia navyo wapi?" Mbele ya Kimya, mwandishi wetu wa programu! Niliamuru kipande kile kifutwe. Kimya aliitikia kwa nyusi. Maneno matano kwa siku kwake ni mkutano wa hadhara.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Mimi ndiye ninayeandika orodha ya vitu na mahali vinapopatikana. Nimebadilisha mstari mmoja tu. Ufunguo wa lango la mwisho sasa uko mkononi mwa Malkia, naye hautoi mpaka amalize hotuba. Bila sura yangu, mchezo hauna mwisho. Akate sasa! Atakata tawi alilokalia. Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mimi nina ufunguo.

Nimelala kama mtoto.

Alhamisi, 6 Machi

Wachezaji sita wa majaribio. Hakuna aliyemaliza. Wawili walienda kunywa chai, wakarudi, Malkia bado anawasalimu mababu zake. Mmoja kasinzia, kidude cha kuchezea kifuani. Wawili wameomba kuhamishiwa kazi nyingine. Wa sita, shujaa, alivumilia hadi neno la mwisho. Malkia akanyoosha mkono, mchezo ukaganda.

Kizazi kisichojua kusikiliza! Wanalia kwamba michezo haina maana. Ukiwapa maana wanatafuta kitufe cha kuiruka!

Mkasi akauliza nani kaweka ufunguo pale. Nikamweleza kuhusu muundo wa tanzia. Akauliza tena.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuja na utetezi wa kurasa nne. Sikufika ukurasa wa pili. Mkasi alimuuliza Kimya itachukua siku ngapi kuutoa ufunguo kwa Malkia. Kimya kajibu, "Msumari." Akakaa kwenye kompyuta. Dakika mbili. Kando ya lango la mwisho sasa kuna msumari, na ufunguo unaning'inia.

Kadi yangu ikageuzwa.

Mkasi kasema, tena kwa upole, jambo lililoniuma zaidi: sura nyingi zinazokatwa si mbaya, ila wiki tatu hazizai ya nne. Nikamwambia historia itamhukumu. Akauliza kama historia nayo ina tarehe ya kutoka.

Jioni mama mkwe kapiga simu. Nikajifungia bafuni.

Jumamosi, 29 Machi

Sebule ilijaa. Kumi na wanane, na gauni. Nilikaa karibu na waya wa televisheni, tayari kuuchomoa na kulaumu umeme. Mke wangu, bila kuniuliza, alikuwa amemwalika Kimya, naye akauanzisha mchezo karibu kabisa na mwisho. Akachukua ufunguo msumarini. Lango likafunguka, na kwa sauti ya mama mkwe likafoka: "Wewe! Na viatu vya matope hivyo unaingia navyo wapi?"

Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Mama mkwe akasimama akainama kama malkia. Lango likafunguliwa mara tisa. Mama kasema Kimya ni kijana mwenye akili. Mimi kaniuliza, baba, pale kazini hasa unafanya nini?

Jumapili, 30 Machi

Nimetafakari kwa unyenyekevu. Mpango wangu umefaulu! Sauti imebaki, ufunguo umebaki, mama kafurahi. Kosa lilikuwa moja tu: ufunguo ni kitu kidogo, mtu yeyote anaweza kuutundika.

Mchezo ujao nitalificha lango lenyewe ndani ya hotuba. Dakika ishirini na mbili. Waje na msumari wao!