Nimeitwa kwa Utambuzi

Jumatatu, 3 Juni

Kimenuka! Mkuu wa idara katuita asubuhi, mimi na Pasi, akafunga mlango. Mama huyu akifunga mlango ujue hakuna heri. Chuo kinaleta mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga kumbi na vyumba vya mihadhara. Kazi tuliyoifanya watu wawili miaka yote, meza zikitazamana, sasa itamtosha mmoja. Nani atabaki? Anasema hajui bado. Ila akatukumbusha, kwa sauti ya mtu anayetoa siri, kwamba hii ni Wiki ya Wafanyakazi. Kesho semina, keshokutwa bonanza, na wiki ijayo Siku ya Utambuzi, ambapo kila idara inamtoa mtumishi wake bora. Hapo akatutazama mmoja mmoja.

Mimi si mtoto. Atakayetambuliwa ndiye atakayebaki. Mwingine atamwaga unga.

Pasi akasema abaki tu anayestahili. Unafiki mtupu! Tunamwita Pasi kwa sababu ya mashati yake, mkunjo wa mkono umenyooka toka begani hadi kwenye kifungo. Mkewe alifariki, mwanawe yuko ng'ambo, nyumbani hana mtu. Ana kazi gani nyingine zaidi ya kupiga pasi? Mimi nina mke, nina watoto, nina shemeji anayelala sebuleni. Lazima nibaki mimi.

Nilipomweleza mke wangu akaangusha kikombe. Si kwa mshtuko, anasema mkono wake wa kushoto unakufa ganzi. Na kikombe chenyewe kile chenye nembo ya chuo! Nuksi.

Jumanne, 4 Juni

Semina: "Huduma Bora na Moyo wa Ushirikiano." Mkakati wangu ulikuwa kukaa mbele na kujibu kila swali ili Mkuu wa idara anione. Nikanyoosha mkono hadi kwapa likauma. Mwezeshaji akaomba niwape na wengine nafasi. Wivu.

Kisha balaa. Kila mtu amgeukie jirani yake na kumtaja kwa jambo moja jema. Pasi akasimama, akasema kwamba alipofiwa na mkewe mimi nilimshikia ofisi msiba wote, na hakuwahi kunisikia nikilalamika. Ukumbi mzima makofi. Kweli hakunisikia. Nililalamika kwa watu wengine.

Zamu yangu. Nikasema ana mashati mazuri.

Watu wakacheka, na Pasi akacheka kuliko wote, akanipigapiga mgongoni. Mjanja sana yule. Kanisifu mbele za watu ili yeye aonekane mwema! Mpaka sasa damu inanichemka.

Jumatano, 5 Juni

Bonanza kwenye uwanja wa chuo. Nilikuja na mbinu. Wakati wa kupanga timu ya kuvuta kamba nikapaza sauti: Pasi akae mbele, ndiye mkongwe wetu! Wote wakashangilia. Hesabu yangu ilikuwa wazi. Mzee wa watu aanguke kifudifudi, Mkuu wa idara aone kwa macho yake nani kachoka na nani bado ana nguvu.

Tukashinda! Tumewaburuta watu wa idara ya fedha mpaka wakaachia kamba. Wakambeba Pasi juujuu. Mimi niliyekuwa mkiani wakanikanyaga mguu.

Baadaye nikamkuta Pasi amekaa kwenye nyasi nyuma ya hema, uso umempauka, kiganja kifuani. Jasho lilikuwa limelowesha shati na mkunjo haukuonekana tena. Akaniambia kifua kinambana, si leo tu, na anaogopa kwenda hospitali peke yake kwa sababu mara ya mwisho kwenda ni siku aliyompeleka mkewe. Akaniomba kesho asubuhi nimpitie twende wote. Nikasema nitakupitia, ndugu yangu.

Nilipofika nyumbani ndipo nikashtuka. Kesho asubuhi! Kesho asubuhi Makamu Mkuu wa Chuo anatembelea ofisi kuwapa mkono wafanyakazi! Yaani mimi niwe kwenye benchi la hospitali nikimshika mtu mkono, Makamu Mkuu akute kiti changu kitupu? Hila ya wazi kabisa. Na nilikuwa karibu kuingia mkenge!

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Nimevaa suti. Nikiwa njiani Pasi akapiga simu. Nikaiacha ikaita. Akapiga tena. Nikazima mlio, maana hata Makamu Mkuu hapendi simu zinazoita ofisini.

Makamu Mkuu akaingia, akanipa mkono, kiganja laini kama cha mtoto. Akauliza meza ile ya mbele yangu ni ya nani. Nikashusha pumzi, nikainamisha kichwa kidogo, nikasema ni ya mwenzangu, ila siku hizi haonekani sana. Sikuongeza neno. Mkuu wa idara akakunja uso. Nilitamani kuruka.

Ijumaa, 7 Juni

Pasi hakuja. Mkuu wa idara kauliza kama nina habari zake. Nikasema pengine ameamua kupumzika. Akatikisa kichwa. Mambo yanajipa yenyewe, mimi nakaa tu.

Chai ya ofisini ilikuwa chungu. Sukari huwa ananunua Pasi.

Mke wangu kaniuliza kama nilimpitia yule mzee. Anampenda sana, eti mpole. Nikasema nilimkosa. Si uongo. Usipokwenda kwa mtu, unamkosa.

Jumatatu, 10 Juni

Ujumbe umeingia kwenye simu kutoka kwa afisa utumishi! Naunakili neno kwa neno: "Pole sana. Tunaomba ufike kesho saa nne asubuhi, jengo la tiba, chini, kwa ajili ya utambuzi. Tumekuchagua wewe kwa sababu ndiwe uliyekaa ofisi hiyo muda mrefu. Tafadhali usiwaambie wenzako kwanza."

Nimechaguliwa! Utambuzi! Kaanza na pole, pole na kazi bila shaka. Watu wa utumishi wana adabu.

Kwa nini jengo la tiba, na si ukumbi mkubwa? Nikafungua ratiba. Ajabu! Sehemu ya chini ya jengo lile haimo kabisa. Miaka yote hii sijawahi kumpangia mtu chumba huko chini. Nikacheka peke yangu. Wameficha hafla mahali ambapo hata mpanga vyumba hawezi kuiona! Ni tukio dogo la heshima, kabla ya lile la hadhara. Makamu Mkuu alishika mkono wangu akajua.

Nimemwambia mke wangu ashone kifungo cha suti. Amechelewa kwa sababu ya mkono wake ule, sindano inamponyoka. Shemeji atakuja kupiga picha. Hotuba nimeandika. Ndani nimemtaja Pasi kwa wema, kwamba nitaendelea kumkumbuka. Mshindi lazima awe na roho nzuri.

Jumanne, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulifika mapema, watatu, tumependeza. Mke wangu na shada la maua, shemeji na simu juu anarekodi. Ngazi za kushuka zina baridi. Nikamwambia mke wangu wameweka viyoyozi kwa ajili ya wageni. Mlango ukafunguliwa na mtu aliyevaa aproni na buti za mpira. Nikampa mkono, nikamwuliza wageni wengine wameketi wapi. Akasema wote wamelala.

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Afisa utumishi akatokea nyuma yake, macho mekundu. Akaitazama suti yangu, akasema nimemheshimu marehemu. Akamshukuru mke wangu kwa kukumbuka maua. Nikauliza marehemu gani. Akaniangalia kama mtu asiyenisikia vizuri, akasema Pasi, ila alitumia jina lake halisi. Kwa sekunde ile, Mungu anisamehe, nikajiuliza huyo ni wa idara gani.

Mtu wa buti akavuta shuka. Nilitakiwa kusema ndiyo ni yeye, maana mwanawe hawezi kufika upesi na hakuna mwingine aliyemjua vizuri. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama mkono wa shati. Mkunjo ulikuwa umenyooka toka begani hadi kwenye kifungo.

Nikasema ndiyo.

Afisa utumishi akaeleza tulipokuwa tukipanda ngazi. Mwenye nyumba aliona taa inawaka mchana kutwa, siku baada ya siku, akavunja mlango. Alimkuta kwenye kiti karibu na mlango, amevaa, viatu miguuni, simu mkononi. Kama mtu anayesubiri kupitiwa. Sikuuliza alikuwa anamsubiri nani.

Nimelia. Nililia pale nje kwenye maegesho mpaka kamasi zikadondokea tai. Nilimpenda yule mzee, sasa naliandika, nilimpenda, na sukari yake nimeinywa miaka yote. Shemeji alikuwa bado anarekodi. Nikamwambia azime.

Tulipofika nyumbani mke wangu akanivua koti, akauliza neno moja tu: ulimkosa?

Nikasema foleni za barabarani ni mbaya sana siku za Alhamisi.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya Utambuzi yenyewe, ukumbi mkubwa, niliupanga mimi. Mtumishi bora wa idara yetu: marehemu Pasi. Ukumbi mzima ukasimama kimya. Nami nikasimama. Nilifikiria mambo mengi, na mojawapo, siwezi kuficha humu, ni kwamba mtu hata akishakufa bado ananipita.

Wakaniita nipokee ngao kwa niaba yake. Nikapanda jukwaani. Mpiga picha akasema tabasamu kidogo. Mtu akiitazama ile picha bila maelezo yake, atajua ni mimi niliyeshinda. Nimeomba nakala kubwa.

Kisha Mkuu wa idara akanivuta pembeni. Mwenye nyumba amemwambia kwamba Pasi, jioni ile ya bonanza, alimuaga kwa furaha, akasema kesho mwenzangu wa ofisini ananipitia. Mkuu wa idara akauliza ni mwenzake yupi huyo. Wako wawili tu ofisini, na mmoja ni marehemu mwenyewe. Nikakohoa. Nikasema msiba umenichanganya. Akaniambia ile nafasi moja haijawa yangu bado. Ataangalia utu wangu kwanza.

Utu! Wanapimaje utu?

Jibu likaja papo hapo. Makamu Mkuu akashika kipaza sauti, akatangaza tuzo mpya yenye jina la marehemu. Itatolewa kila mwisho wa muhula kwa mfanyakazi aliyemjali na kumsindikiza mfanyakazi mwenzake mgonjwa. Makofi. Nilipiga hadi viganja vikawaka. Asante, Pasi! Umeondoka lakini umeniachia njia.

Jumatatu, 17 Juni

Naandika ofisini. Kazi imeanza. Ninachohitaji ni mgonjwa.

Asubuhi nimezunguka majengo yote nikiwasalimu watu kwa makini. Mhasibu mmoja alikuwa ameshika kichwa, nikamrukia, nikamwambia twende hospitali nikushike mkono. Kumbe analia mkopo wake umekataliwa. Mkutubi ana miwani ya giza, nikadhani macho, kumbe mapambo. Mlinzi wa lango anachechemea vizuri sana lakini kampuni yake ni ya nje, si mwajiriwa wa chuo, haingii kwenye tuzo. Watu wa chuo hiki wana afya ya kuudhi. Mmoja kaniuliza mbona namwombea maradhi.

Lakini sitakata tamaa. Safari hii nimeelewa kosa langu. Mgonjwa alikuwa mezani mbele yangu, na sikuwa na mkakati.

Nyumbani nako wamenichelewesha. Mke wangu anasema mkono umekufa kabisa, na mdomo unamvuta upande mmoja, maneno yanamtoka kwa kukokota. Shemeji hayupo. Akaomba nimsindikize hospitali asubuhi hiihii. Alikuwa ameshajitayarisha, amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, viatu miguuni. Nikamwambia anisubiri, nitampitia mchana nikipata nafasi. Niliumia, ni mke wangu na nampenda. Lakini naye si mwajiriwa wa chuo.

Simu inaita. Ni yeye. Nimezima mlio, maana kuna mtu anakohoa koridoni.