Jabali Lisizimwe

Jumamosi, 9 Agosti 1997

Jabali, lori letu, limeharibika tena. Mahali: mbele ya soko la Darajani, asubuhi, umma mzima ukitazama. Mzigo: mchele wa watu. Njia ilikuwa imezibwa na gari la maji, nikamwamuru Usi, dereva wetu, azime injini tusubiri. Akazima. Haikuwaka tena. Lori likasukumwa na wauza ndizi, mimi nikiwaelekeza. Hawakuthamini maelekezo.

Ami Masoud ameniita baada ya adhuhuri. Amenikumbusha kwamba lori hili aliliacha marehemu baba yangu, ndugu yake, na kwamba hiyo ndiyo sababu pekee bado lina magurudumu. Amenikumbusha pia kuwa umeneja alinipa kwa kuwa nilirudi na shahada na hakuna ofisi iliyonitaka. (Nilimsahihisha: hakuna ofisi niliyoitaka.) Sasa amechoka. Ijumaa kuna harusi ya binti wa Bi Shemsa, jirani yetu hapa Malindi, anayeolewa Makunduchi. Vyombo vyake vyote, kitanda, kabati, godoro na meza ya kioo, vitapanda Jabali siku ya Alkhamisi. Lori likifika na kurudi kwa miguu yake, litabaki mikononi mwangu. Likilala njiani, litauzwa.

Makunduchi! Kwa kisiwa hiki hakuna safari ndefu kuliko hiyo, isipokuwa Nungwi, na Nungwi hatujawahi kufika.

Sina hamu ya kula. Bila Jabali mimi ni kijana mwenye shahada ya falsafa anayekaa barazani kwa mama yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimesikiliza nadharia mbili, zote dhaifu.

Ya kwanza ni ya Usi. Anashikilia kuwa Jabali lina moyo, na kwamba Jumamosi lilinuna kwa sababu nililiita takataka mbele za watu. Anataka nilitake radhi. Ya pili ni ya Talal, mtoto wa Ami Masoud, mwenye pikapu ya Kijapani inayong'aa kama sufuria ya Idi. Alisimama karibu yetu bila kuzima injini, mkono nje ya dirisha, akasema, "Nunua betri, Sami. Mengine yote kelele."

Mmoja mshirikina, mwingine mfanyabiashara. Nikaamua kufikiri mwenyewe.

Nimezirejea kumbukumbu za maharibiko yote: Chwaka, Mahonda, Bububu mara kadhaa, Darajani. Je, kuna jambo linaloyaunganisha? Lipo! Kila mara Jabali lilikuwa limezimwa kwanza. Halijapata hata siku moja kukataa kuwaka likiwa limekwisha kuwaka. Kwa hiyo chanzo cha kutowaka ni kuzimwa. Dunia nzima inahangaika kutengeneza magari yanayowaka. Hakuna aliyefikiria kutoyazima.

Nimetetemeka kwa furaha. Kisha nimetetemeka kwa sababu nyingine: itakuwaje kama nimekosea? Nimeyapitia tena. Sikukosea.

Jumatano, 13 Agosti

Wapagazi wa bandarini walilisukuma Jabali asubuhi, likawaka. Nimejaza tangi pomoni. Tangu hapo linanguruma mbele ya nyumba. Amri kwa Usi: ufunguo usiguswe mpaka tutakaporudi kutoka Makunduchi.

Mama anasema vikombe vinacheza kabatini. Jirani wa ghorofani ameanua shuka zake nyeusi na kuniuliza kama nimefungua kiwanda. Nimemjibu kwamba maendeleo huanza na moshi. Amenijibu maneno ambayo sitayaandika.

Laiti wangejua hali yangu! Injini ikikohoa, moyo unakohoa nayo. Alasiri niliswali sikio moja likiwa nje, nikasimama wakati wengine wamesujudu. Niliporudi niliona moshi mzito ukitoka chini ya boneti. Moto! Nikanyakua ndoo na kumwaga maji yote. Ulikuwa ubani. Usi alikuwa amekiweka chetezo humo ndani, akilitaka lori radhi kwa niaba yangu. Alirowa yeye zaidi kuliko injini. Jabali liliendelea kunguruma, na kila mmoja wetu akaona kuwa amethibitishwa.

Talal alipita kuuliza kama dizeli itatosha. Nilimwambia kuwa dizeli ndilo jambo pekee lisilonitia wasiwasi.

Alkhamisi, 14 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya kabini, Makunduchi, kalamu ikirukaruka kwa mtikisiko. Siku ya leo naiandika ilivyokuwa, ili historia isiniseme vibaya.

Tuliondoka na baraka zote. Nyuma, juu ya vyombo, wanawake wa upande wa bi harusi wakipiga vigoma na kuimba. Mbele, kati yangu na Usi, Bi Mwanapili, somo wa bi harusi, ambaye kwa mila ndiye atakayetandika kitanda kwa mkono wake. Mama mzito, manukato mengi, ulimi mwepesi. Aliniuliza suti na tai ni za nini. Nilimwambia ni za kazi. Akauliza kazi gani.

Tunguu tulipita vizuri. Nilianza kupumua. Msitu wa Jozani ukatokea kushoto, barabara ikaingia kivulini, nami nikaanza kutunga hotuba ya ushindi nitakayomsomea Ami. Ndipo wanawake waliponyamaza ghafla, wote kwa pamoja. Mbele yetu barabara imejaa kanzu. Jeneza.

Usi akasimamisha lori. Akatoa kofia mfukoni, akaivaa. Kisha akazima injini.

Nikapiga ukelele. Akaniambia kwa upole kwamba maiti hapitiwi na kelele, na mwanamume hapitwi na jeneza. Akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati, akaenda kuzika.

Nilimfuata nikikimbia. Nikawakuta wanaume wa mwisho katika msafara, nikawaeleza kwa ufupi: kilichokatazwa ni ngoma, na injini si ngoma, bali ni chombo cha dharura, na dharura ina hukumu yake. Nikatoa hoja kutoka pande zote. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia, ng'ambo. Akawageukia wenzake, akasema, "Jamani, Mungu katuletea shekhe. Mpisheni ashike mbele."

Ningeweza kumsahihisha. Lakini tangu nirudi kisiwani, hakuna aliyewahi kuniuliza kwa heshima nimesoma wapi. Nikashika mbele.

Makaburi yao yako mbali, ndani ya vichaka na mawe. Bega la suti limepasuka kwa uzito wa jeneza. Baada ya dua, yule mzee akaomba shekhe aseme maneno mawili ya kuwaliwaza wafiwa. Nilikusudia kusema mawili. Lakini watu walikuwa kimya, wamenitazama, na mada ilikuwa kubwa. Nikazungumza juu ya sababu na matokeo. Nikazungumza juu ya mwendo na kusimama, na jinsi kila kinachosimama kinavyokaribia mwisho wake. Mtu mmoja alilia. Usi anadai alikuwa na njaa.

Tuliporudi barabarani niliona watu juu ya lori. Hawakuwa watu. Kima punju wa Jozani, ukoo mzima, walikuwa wamelipasua gunia la makaa lililofuatana na seredani, jiko la bi harusi, na wanayatafuna makaa kama biskuti, wamekaa kitako juu ya godoro jipya. Wanawake walikuwa wameshuka wote, wanawapungia kanga kutoka mbali. Godoro lina alama za mikono kila upande.

Bi Mwanapili hakuwa ameshuka kabini. Akauliza, "Mwanangu, ulikwenda kuzika au kugombea jimbo?"

Usi akatia ufunguo. Kimya. Akatia tena. Mlio mdogo, kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kukataa.

 Nilimwona baba yangu, mkono juu ya usukani huu huu. Nilijiona mimi, barazani, uzeeni. Nikakaa chini juu ya lami.

Walioniokoa ni wafiwa. Yule mzee alipiga kofi moja, akasema shekhe amekwama, nao wakakunja kanzu zao, wakajipanga nyuma ya Jabali. Watu waliotoka kuzika ndugu yao! Lori likasogea, likasogea, likashika mteremko mdogo, likatoa moshi, likanguruma. Nililia waziwazi. Nadharia imesimama: lilizimwa, likakataa, kosa ni la Usi na mauti.

Tumefika Makunduchi, vyombo vimeshushwa. Godoro limegeuzwa, upande wa pili una alama chache. Jabali linanguruma mlangoni kwa bwana harusi. Ufunguo nimeufungia kamba shingoni.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimelala kabini na mwili wote unatetemeka hata nikishuka.

Babu wa bwana harusi hawezi kusafiri, kwa hiyo nikaha imefungwa hapa kwao. Upande wa bi harusi wamefika kwa magari, Ami Masoud miongoni mwao, ndani ya pikapu ya Talal. Ami alilisikia Jabali kabla ya kuliona. Akalizunguka, akaligusa boneti, akatikisa kichwa na kusema kuwa kumbe limefika. Nikajiona mrefu.

Hotuba ya nikaha haikusikika. Shekhe akapandisha sauti. Jabali nalo, sijui kwa nini, likapandisha. Bwana harusi, kijana mpole anayeitwa Ame, aliulizwa, akajibu amekubali. Mashahidi wakasema hawakusikia. Akajibu tena. Hawakusikia. Mara ya mwisho alisimama na kukubali kwa sauti iliyofika nyumba za jirani, na vigelegele vikaanzia huko. Shekhe akaagiza gari lizimwe. Nilimweleza kwa adabu kwamba sharti ni mashahidi wasikie, na kwamba si lazima injini inyamaze ikiwa mashahidi wanaweza kusogea. Nikajitolea kuwapimia umbali. Ami alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nilipovunja dirisha la msikiti.

Suluhu ilipatikana: Jabali lipelekwe uani. Uani kulikuwa na masufuria.

Tulipokaa kula, mgeni aliyekuwa upande wangu wa kulia alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna, akauliza kama huku Makunduchi biriani hutiwa mafuta ya taa. Nilisema pengine. Nilikuwa sili. Nilikuwa nasikiliza ngurumo ile, nikihesabu saa za kurudi, nikimwomba Mungu kituo kwa kituo: Kitogani, Tunguu, Mwanakwerekwe, nyumbani.

Kisha ikaja kikohozi. Kikaja cha pili. Kisha ukimya.

Uwanja mzima ukasema alhamdulillahi.

Nilikimbia uani. Usi alikuwa amekwishafungua kifuniko cha tangi na kutumbukiza kijiti. Kijiti kilitoka kikavu. Jabali lilikuwa limeinywa dizeli yote, siku na usiku, bila kwenda popote.

Talal alitoa dumu kwenye pikapu yake bila kuombwa; nadhani alikuwa amelibeba makusudi. Tulitia. Tukasukuma, ukumbi mzima wa wanaume, bwana harusi naye. Halikuwaka. Watu wakajipakia kwenye pikapu kwa mafungu kurudi mjini, Bi Mwanapili mbele.

Ami Masoud alikuwa ananawa mikono. Hakupandisha sauti.

"Sami."

"Naam, ami."

"Basi."

Jumatatu, 18 Agosti

Limeuzwa. Mnunuzi ni Muhiddin, mtu wa Kidichi, anabeba nazi na viungo. Alilifuata huko huko Makunduchi, akalitia betri mpya, akatoa hewa kwenye mipira ya dizeli, akaondoka nalo. Mama amelia kidogo, kisha akavipanga vikombe.

Nimekaa barazani. Watu wanapita na kunisalimia. Kila salamu naisikia kama swali.

Jumatano, 27 Agosti

Jabali linapita kila asubuhi limejaa nazi. Muhiddin hulisimamisha sokoni, hulizima, hushuka, hunywa kahawa, hurudi, huliwasha. Linawaka! Nimelishuhudia kwa macho yangu, siku baada ya siku.

Mwanzoni nilihuzunika. Baadaye nikaelewa. Injini iliyonguruma mfululizo chini ya usimamizi wangu imezoea kuwaka. Muhiddin anavuna mazoezi niliyoyatia mimi. Nilimfuata kahawani nikamweleza. Alinipa konzi ya karafuu, akanitakia afya njema.

Lakini sasa nina wasiwasi mkubwa zaidi, na nashangaa kuwa ni mimi pekee ninayeuona. Pikapu ya Talal. Tangu alipoinunua haijaharibika. Hata mara moja! Familia nzima inaitegemea, na hakuna anayejiuliza. Gari lililokwisha kuharibika, tunajua kasoro yake iko wapi. Gari lisilowahi kuharibika, kasoro yake inaweza kuwa popote.

Talal amekwenda Pemba kwa shughuli zake, akaniachia ufunguo nimwoshee gari. Usi ameniazima spana bila kuuliza. Anasema hilo gari halina moyo, halitaona uchungu. Tangu asubuhi nimefungua sehemu yote ya mbele na kuvitandaza vipande barazani juu ya mkeka, kimoja kimoja, nikivichunguza.

Vyote ni vizima. Hali ni mbaya kuliko nilivyodhani. Kesho nafungua nyuma.