Diski Tatu na Programu Isiyoona

Jumatatu, 3 Machi
Nimeweka mfumo endeshi mpya kwenye diski ya pili. Dakika arobaini tu! Na shemeji, kaka wa mke wangu, anasifiwa kila tukila kwa vile ni fundi kompyuta. Mashine ikiwaka, programu ya kuwashia ilitakiwa iniulize niamshe mfumo mpya au wa zamani. Haikuuliza. Imeamsha mpya. Wa zamani, ulioko diski ya kwanza, hauonekani kabisa, na humo ndimo zilimo alama za wanafunzi wa mke wangu. Ripoti zinatakiwa Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua. Kila diski imepangiwa faili kwa mtindo wake, na programu inaona mtindo wa kwake tu. Mke akauliza mashine ina nini. Nikasema inajisasisha. Akasema basi atasubiri. Upole wake umenitia baridi.
Dawa: nimehamishia programu kwenye diski ya tatu, ya picha za harusi, isipendelee upande wowote.

Jumatano, 5 Machi
Sasa haiamshi chochote. Skrini nyeusi. Kumbe mtindo wa diski ya tatu programu haiusomi kabisa. Nimechomoa nyaya za diski nianze upya. Zote nyekundu, wala sikuzitia alama. Mke kapiga simu toka shuleni, anauliza imefikia wapi. Nikasema asilimia tisini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hawakuwa na shemeji kama wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji amekuja. Mke kamwita. Kachomeka nyaya, kaamsha mashine kwa flashi yake, karudisha programu diski ya pili. Akasema tatizo la Jumatatu halikuwa mitindo: kazi ya kutafuta mifumo mingine huja ikiwa imezimwa, mtu huiwasha mwenyewe. Akabadili neno moja kwenye mipangilio. Mifumo yote ikajitokeza. Alama zipo.
Mke alisema kilichomuuma si mashine, ni ile tisini. Niliona aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Ripoti zimefika. Nimeyatafakari sana maneno ya mke wangu. Ana haki, tisini ilizidi. Ningesema sitini, ningepata siku nzima zaidi.
Kompyuta mpakato yake ya shule inajikokota. Kasema niiache. Nimemwambia naipangusa vumbi tu. Skrubu nane zimetoka. Ya tisa imekatikia ndani.