Taa Zote Zinawaka

Gari lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu mrefu angelivaa badala ya kulipanda. Dhamana aliliona likipunguza mwendo mbele ya uwanja wake wa vipuri. Nyuma ya usukani, mama wa makamo alikuwa akisoma kibao huku midomo ikimcheza: TUNAFUNGA VYUMA VYA KUVUTIA TELA. Kwa uzoefu wa Dhamana, mtu anayesoma kibao mpaka mwisho ameshanunua.

Tumfahamu kwanza bwana huyu. Mtaa ulimwita Dhamana kwa sababu kila alichouza alikitolea dhamana ya maisha, ingawa hakusema maisha ya nani. Vyuma alivyofungia watu vilikuwa mabati yaliyokunjwa na kunyweshwa rangi nyeusi. Vilishika vizuri sana mpaka siku ya kuvuta kitu. Wateja walikuwa wameanza kuulizana habari zake, ndiyo maana asubuhi ile alikuwa ameshapakia mali yake yote kwenye tela lake kuukuu: vipuri, mashine ya kuchomea, godoro, hata sufuria. Alingoja gari la kukodi limvute ahame mji. Nje ya tela lile hakuwa na kitu duniani ila suruali aliyovaa. Lakini kuondoka huku mteja anapiga hodi? Roho ingemuuma mwaka mzima.

"Shikamoo, mama yangu!"

"Marahaba, mwanangu. Kigari changu hiki kitaweza kuvuta tela kweli? Nakodisha viti vya sherehe, nimechoka kwenda na kurudi na vitatu vitatu."

Dhamana alilizunguka gari, akagonga bampa kwa kidole, akatega sikio.

"Mama, gari hili lina damu nyepesi. Ukilifungia chuma cha kawaida litaingiwa na huzuni."

"Maskini!"

"Na waya ndiyo usiseme. Wengine watakata waya za taa zako waunganishe hivihivi. Mimi nafunga waya wa kike."

"Wa kike?"

"Mtulivu. Haugombani na betri."

Mama alitikisa kichwa kwa heshima kubwa, hata Dhamana akakaribia kumhurumia. Alijizuia kwa wakati.

"Mimi nimekuamini, mwanangu. Tatizo ni wenzangu wa chama. Sote tuna vigari hivihivi, na wamenituma nione kwa macho yangu. Chuma kikivuta tela lenye mzigo, tunakuja wote leo hii."

Wote! Dhamana alimeza mate. Bati lake lisingevuta hata kitoroli cha mtoto, ila alikuwa na chuma kimoja cha kweli, cha maonyesho, ambacho hakuwahi kumuuzia mtu. Atafunga hicho, mama aone, kisha amkalishe kivulini na soda huku yeye "anakaza nati", yaani anakibadilisha. Na mzigo? Mzigo ulikuwa tayari kwenye tela.

Basi, kwa mara ya kwanza maishani, Dhamana alifanya kazi ya haki. Aliingia chini ya gari, akapitisha bolti kwenye chesi, uti wa mgongo wa gari, badala ya bampa, akavuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akafunga soketi ya taa. Jasho lilimtiririka. Kumbe uaminifu unachosha hivi!

"Mwanangu," mama alisema akiinama, "bolti ya kushoto bado inacheza."

Dhamana aliikaza, akishangaa jinsi wajinga wanavyoweza kubahatisha.

Tela likaunganishwa. Likabaki jaribio la taa, na taa za tela hujaribiwa na watu wawili: mmoja anakaa ndani na kukanyaga, mwingine anasimama nyuma na kupiga kelele.

"Breki!" aliita mama.

"Inawaka!"

"Kushoto!"

"Inawaka!"

"Nikiwasha injini hazififii?"

"Hazififii, mama! Raha tupu!"

"Nisogee kidogo?"

"Sogea!"

Tela likasogea. Dhamana alilifuata mikono juu, akishangilia kazi ya mikono yake mwenyewe. Walipofika barabarani, indiketa ya upande wa pili ikaanza kupepesa, nzuri ajabu.

"Kulia inawaka!" alipaza sauti kwa furaha, na bado alikuwa anaipaza gari lilipokata kulia na kutimua vumbi.

Hapo ndipo alipoanza kukimbia. Alifika njia panda ulimi nje, akamkuta askari wa barabarani.

"Afande! Gari dogo... lina tela..."

"Nimelisimamisha sasa hivi. Taa zote zinawaka, chuma kimeshika chesi, fyuzi ipo. Nikamwambia mama aende salama." Askari alimsogelea. "Unajua nilivyofurahi? Kuna fundi mtaa huu alimfungia mama mkwe wangu chuma cha bati. Kwenye mteremko, tela likampita. Sasa mama mkwe anaishi kwangu mpaka gari lipone. Namtafuta huyo fundi usiku na mchana. Hebu niambie, tela hilo unalijua? Nani kalifunga?"

Dhamana aliitazama barabara. Kule mbali taa za breki ziliwaka, zote mbili kwa pamoja, bila kusita. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na alitamani mno kujisifu.

"Tela gani, afande?" alisema. "Mimi nafanya mazoezi tu."

Akaendelea kukimbia, safari hii upande mwingine kabisa.